Chupa 27 hazionekani katika chumba cha kuonjea mvinyo: kosa ni la mhudumu au la mipangilio ya rejista?

Msimamizi wa Chumba, Ilemela

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasimamia chumba cha kuonjea mvinyo hapa Ilemela, Mwanza, upande wa ziwani, ambacho ni tawi la kiwanda kidogo cha Dodoma. Mzigo hutufikia kwa lori kupitia Singida, Nzega na Shinyanga, nao huja katika chupa za mililita 750. Tunauza kwa njia tatu. Mgeni anaweza kununua chupa nzima kwa shilingi 23,000, anaweza kununua glasi ya mililita 150 kwa shilingi 6,000, au anaweza kuchukua seti ya kuonja kwa shilingi 12,000, ambayo ni glasi nne zenye mililita 50 kila moja: nyeupe kavu ya Chenin Blanc, nyeupe tamu, nyekundu kavu ya zabibu za Makutupora na nyekundu ya Syrah. Mgeni akishaonja, kisha akanunua chupa 2 au zaidi, hatumtozi seti.

Rejista yetu ilipangwa na aliyetuuzia mfumo wakati tunafungua, na tangu hapo hakuna aliyeigusa mipangilio. Kipimo cha stoo ni chupa. Glasi moja inapunguza chupa 0.2, na seti ya kuonja inapunguza sehemu ndogo ya kila aina kati ya zile nne. Nilipofunga mahesabu ya mwezi uliopita, rejista ilisema tunapaswa kuwa na chupa 27 zaidi ya zile nilizozikuta stoo na kaunta. Nimehesabu mara tatu, na mara ya tatu niliita mtu wa nje anihesabie, tukapata idadi ileile.

Kaunta inashikwa na binti mmoja ambaye alipokuja hakujua hata kung'oa kizibo, na leo anamweleza mgeni tofauti ya mvinyo mkavu na mtamu kwa subira ambayo mimi mwenyewe sina. Tajiri ameagiza shilingi 621,000, yaani chupa 27 kwa bei ya kuuzia, zikatwe kwenye mshahara wake kwa awamu kuanzia mwisho wa mwezi huu. Binti analia na kusema kwamba hajawahi kutoka na hata nusu chupa. Mimi ninamwamini, lakini sina karatasi ya kumwonyesha tajiri ili naye aamini.

Naomba wenye uzoefu mnieleze ni mipangilio gani ya rejista inayoweza kuzaa shoti, yaani upungufu, kubwa namna hii bila mtu kuiba, na kama ikibidi tupange upya, tuanzie wapi. Tuna rejista moja ya kaunta na tunataka kuongeza kishikwambi kwa ajili ya baraza linalotazama ziwa. Tumesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na mashine yetu ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, iko peke yake, haijaunganishwa na mfumo wa mauzo.

Fundi wa Mifumo, Igoma

Dada, pole sana. Tafadhali mwombe tajiri asubiri siku mbili tu kabla ya kukata chochote, kwa sababu katika maelezo yako kuna mambo matatu ambayo nimeyakuta mara nyingi katika baa na migahawa ninayoihudumia, na kila moja linaweza kula chupa kimyakimya.

Kwanza, fungua bidhaa inayoitwa seti ya kuonja kwenye mipangilio, uangalie ni namba gani hasa imeandikwa kama sehemu ya chupa inayopungua. Mililita 50 ni sehemu moja ya 15 ya chupa, na namba hiyo kwa desimali haiishi: 0.0666 na kuendelea. Baadhi ya mifumo hupokea desimali mbili tu, kwa hiyo nataka kujua aliyewapangia alipandisha au alishusha.

Pili, chapa ripoti ya mistari iliyofutwa kabla ya malipo. Umesema mgeni anayenunua chupa 2 hatozwi seti. Sasa binti anaiondoaje seti hiyo kwenye bili? Kama anaifuta, basi rejista haijui kwamba mvinyo huo ulimiminwa.

Tatu, pima mkono. Jaza maji kwenye chupa tupu ya mvinyo, mwambie amimine glasi 10 za kuonja kama anavyomimina kwa wageni, kisha mkusanye maji yote kwenye jagi la kupimia na kugawanya kwa 10. Mwambie wazi kwamba mnapima mkono na kwamba uaminifu wake haumo katika jaribio hilo, maana akiogopa atamimina kidogo kuliko kawaida na mtapata jibu la uongo.

Ulete namba hizo tatu hapa, pamoja na idadi ya seti zilizolipiwa mwezi huo.

Msimamizi wa Chumba, Ilemela

Kaka Fundi, ahsante. Nimefanya yote leo asubuhi kabla ya kufungua.

Kwenye mipangilio imeandikwa 0.06. Seti zilizolipiwa mwezi uliopita ni 180. Mistari ya seti iliyofutwa ni 31, na nilipoifuatilia mmoja mmoja nikakuta kila mmoja uko kwenye bili yenye chupa 2 au zaidi, yaani hakuna hata mara moja alipofuta nje ya utaratibu tuliompa sisi wenyewe. Maji ya glasi 10 yalikuwa mililita 600, na tuliporudia tukapata kiasi hichohicho.

Nilishangaa kwa sababu nilimwona akimimina kwa uangalifu. Glasi zetu ni kubwa, na mililita 50 ndani yake huonekana kama mtu amesahau kumimina, kwa hiyo nadhani mkono umejiongeza wenyewe.

Fundi wa Mifumo, Igoma

Umefanya kazi nzuri, dada. Sasa tuhesabu pamoja, nawe uchape hesabu hii umpelekee tajiri.

Seti 180 ni glasi 720. Rejista ilipunguza 0.06 ya chupa kwa kila glasi, ambayo ni mililita 45, ilhali nyinyi mlikusudia 50. Mililita 5 zilizopotea kwenye desimali, mara 720, ni mililita 3,600, sawa na chupa 4.8. Hizo hazikuwahi kuibwa wala kumwagika: aliyepanga mfumo alikata tarakimu, basi.

Mkono unamimina 60 badala ya 50. Mililita 10 mara 720 ni mililita 7,200, sawa na chupa 9.6. Hizo wamezinywa wageni wenu mbele ya macho yenu.

Seti 31 zilizofutwa ni glasi 124, na kwa mkono wa mililita 60 ni mililita 7,440, karibu chupa 9.9. Hizo mlizitoa zawadi kwa uamuzi wa biashara, ila hamkuipa rejista namna ya kuziandika.

Jumla ni mililita 18,240, yaani chupa 24.3 kati ya 27. Inabaki chupa 2.7 hivi kwa mwezi mzima, na kabla hujamtazama mtu kwa hizo, jiulize mvinyo unaobaki kwenye chupa zilizofunguliwa unakwenda wapi ukishaharibika ladha. Chupa nne tofauti zinakuwa wazi kila siku, na katika joto letu hazivumilii. Kama binti anaumwaga kwenye sinki kama ilivyo sahihi, na hakuna kitufe cha kumwaga, basi nazo zimeingia kwenye shoti.

Upande wa mipangilio, jambo la kwanza ni kubadili kipimo cha stoo kutoka chupa kwenda mililita, na hili ndilo ningelifanya hata kama nisingefanya jingine lolote. Chupa ikipokelewa iingie kama mililita 750, katoni ya chupa 6 iingie kama 4,500, glasi ipunguze 150, na kila aina iliyomo ndani ya seti ipunguze kiasi mtakachokubaliana. Mililita hazina desimali za kugombania. Ripoti itakapotoka kwa mililita, gawanya kwa 750 ukitaka kuona chupa, lakini usiruhusu mfumo ugawanye kabla ya kuhifadhi.

Jambo la pili ni kuamua kiasi chenyewe. Mkibaki na mililita 50 mnapata glasi 15 kwa chupa bila kubakiza, na seti nzima inakula mvinyo wa takribani shilingi 6,133 kwa bei ya chupa. Mkiamua 60, mnapata glasi 12 na mabaki ya mililita 30, na seti inakula shilingi 7,360. Vyote viwili vinalipa kwa bei ya 12,000. Kisichofaa ni kuandika 50 na kumimina 60. Kama mnachagua 50, nunueni toti, yaani kikombe kidogo cha kupimia, na binti aitumie kila mara, hata mgeni akiwa rafiki wa tajiri.

Tatu, kila namna ambayo mvinyo unaweza kutoka kwenye chupa iwe na kitufe chake. Wekeni seti ya kulipia, seti ya bure kwa mnunuzi wa chupa, glasi ya mafunzo au ya mgeni wa kampuni, na kumwaga. Kitufe cha kumwaga kidai sababu: kizibo kibovu, imekaa siku nyingi, imeangushwa. Seti ya bure msiiache kwa mkono wa mhudumu. Ipangeni kama punguzo linalojileta lenyewe pale bili inapofikisha chupa 2, ili mstari wa seti ubaki, stoo ipungue, na bei ishuke hadi sifuri.

Nne, tenganisheni mahali pawili ndani ya mfumo: stoo yenye chupa zilizofungwa, na kaunta yenye zilizofunguliwa. Chupa ikichukuliwa kufunguliwa, ihamishwe kwanza. Ndipo mtakapojua shoti imetokea upande upi, maana chupa nzima ikipotea ni jambo tofauti kabisa na mililita zilizopotea.

Mwisho, kitufe cha kufuta kifungeni kwa namba ya siri ya msimamizi. Mhudumu asiweze kufuta mstari peke yake.

Mhasibu, Nyamagana

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, na ningependa kuongeza upande wa kodi na wa mshahara, kwa kuwa mipangilio ya rejista ikigusa bei inagusa pia EFD.

Dada Msimamizi, hakikisha kwanza kwamba bei zako zimewekwa kama bei zenye VAT ndani yake. Mgeni anayesoma 12,000 kwenye ubao anatarajia kulipa 12,000, na ndani ya hiyo VAT ya kiwango cha kawaida cha asilimia 18 inapatikana kwa kuzidisha kwa 18 na kugawanya kwa 118, ambayo ni shilingi 1,830.51, nayo bei bila kodi ni 10,169.49. Mfumo ukiwa umepangwa kuongeza kodi juu ya bei, seti hiyo itasomeka 14,160, na nimewahi kuona wahudumu mahali fulani wakitoa punguzo la mkono kila mara ili kuirudisha bei ya ubao, hadi ripoti ya punguzo ikawa haina maana tena kwa mtu yeyote.

Kuna pia suala la kukadiria senti. Chupa moja ya 23,000 ina VAT ya shilingi 3,508.47. Mfumo ukikadiria hadi shilingi kamili kwenye kila mstari, chupa tatu zilizopigwa kwa mistari mitatu zitaonyesha 10,524, lakini zikihesabiwa kwa jumla ya bili ya 69,000 zitaonyesha 10,525. Chagueni ukadiriaji wa jumla ya bili, au wekeni desimali mbili, kisha mlinganishe na namna EFD yenu inavyofanya. Shilingi moja kwa bili ni ndogo, lakini ndiyo inayomfanya mtu akae saa mbili usiku akitafuta kosa ambalo halipo.

Kwa kuwa mashine zenu mbili hazijaunganishwa, majina ya bidhaa na bei yawe yaleyale kwenye zote mbili, na kila jioni ripoti ya Z ya EFD, yaani ile ya jumla ya mauzo ya siku, iwekwe kando ya ripoti ya kufungia rejista kabla ya yeyote kuondoka. Kila mauzo yatolewe risiti ya EFD hata mgeni akilipa kwa simu na hata akisema haihitaji. Nendeni pia mkaulize kuhusu kuunganisha mfumo na utoaji risiti wa moja kwa moja, maana kuandika mauzo mara mbili kwa mkono ni kukaribisha tofauti.

Kuhusu seti ya bure, fedha mliyopokea ni ya chupa tu, kwa hiyo VAT mliyolipa mwezi uliopita haikupungua kwa sababu ya mistari ile iliyofutwa. Kilichoharibika ni kumbukumbu ya stoo. Jaribuni kwanza kama EFD yenu inakubali mstari wenye thamani ya sifuri. Ikiukataa, EFD iandike chupa peke yake, na rejista ndiyo itunze ushahidi wa seti. Ila glasi mnazowapa watu bila ununuzi wowote, kama waongoza watalii, ziandikieni ofisi ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, mkapate jibu la maandishi kuhusu kodi yake, mlitunze kwenye faili.

Ushuru wa bidhaa msiuweke kwenye rejista, kwani huo ni wa kiwanda na hulipwa na kiwanda chenyewe. Mnachopaswa kukagua wakati wa kupokea mzigo ni stampu ya kielektroniki ya kodi kwenye kila chupa, utaratibu ambao kwa mvinyo ulianza Januari 2019. Na kama mna wageni wa kigeni, fungeni kabisa bei ya dola kwenye mfumo. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei na kutoza kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi, kwa hiyo bei na risiti ziwe za shilingi.

Sasa la mshahara, na hapa naomba tajiri alisome mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata fidia ya hasara kwa sababu tu hasara ipo. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, apewe kwa maandishi sababu na namna kiasi kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Shilingi 621,000 ni bei ya kuuzia, yenye faida na VAT ndani yake. Hasara halisi ya chupa haiwezi kuwa hiyo hata kama kosa lingekuwa la binti, na hesabu ya Fundi inaonyesha kwamba halikuwa lake.

Mzee wa Hoteli, Bukoba

Nimesimamia kaunta za hoteli upande huu wa ziwa kwa miaka mingi, tangu mauzo yakiandikwa kwenye daftari la mistari. Ninakubaliana na Fundi kwa karibu yote, ila kitufe cha kufuta nitampinga.

Ukimlazimisha mhudumu amwite msimamizi kila anapokosea kubonyeza, jambo zuri kwenye karatasi litakuwa adha kazini. Fikirini Jumapili mchana, boti imerudi Capri Point kutoka Kisiwa cha Saanane, watu 14 wanaingia kwa pamoja, na msimamizi yuko stoo au yuko njiani. Binti atafanya nini akikosea? Ataacha kosa libaki, au msimamizi atachoka na kumpa namba yake ya siri, na siku hiyo ulinzi wote umekwisha kwa sababu kila ufutaji utaandikwa kwa jina lisilo lake. Nimeliona hili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwacheni afute mstari kabla ya malipo, lakini mfumo umdai sababu na uandike jina na saa, nawe dada uisome ripoti hiyo kila asubuhi. Kinachohitaji namba ya msimamizi ni kurejesha fedha baada ya bili kufungwa, na punguzo lolote lisilojileta lenyewe.

Kuhusu chupa zilizofunguliwa, nunueni mizani ya jikoni ya kidijitali. Mvinyo unakaribiana sana na maji kwa uzito, kwa hiyo gramu moja mnaweza kuihesabu kama mililita moja. Mtamu huzidi kidogo kwa sababu ya sukari, lakini kwa kazi hii haidhuru. Pimeni chupa tupu ya kila aina mara moja, mwandike uzito wake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, maana chupa za aina tofauti hazilingani. Jioni wekeni kila chupa iliyo wazi kwenye mizani. Kama tupu yake ni gramu 500 na mizani inasoma 830, mna mililita 330, na rejista inapaswa kusema karibu hivyo. Zoezi hilo kwa chupa nne halimalizi dakika tano, na shoti itaonekana siku ileile, wakati mhudumu bado anakumbuka ni mgeni gani aliyemwaga glasi.

Toti, kwa maoni yangu, haipendezi katika chumba cha kuonjea, kwa sababu mgeni anataka kuona chupa ikiinamishwa mbele yake. Tafuteni glasi ndogo zenye alama ya kujazia, au mchore alama ndogo kama hiyo kwenye glasi mlizonazo. Mkono utafuata jicho.

Upande wa fedha, kila mfanyakazi awe na namba yake ya siri, na asiwepo mwenye kuingia kwa jina la mwingine hata kwa dakika moja. Droo ianze na kiasi kilekile cha chenji kila asubuhi, kikiwa kimehesabiwa na watu wawili. Wakati wa kufunga, pangeni mfumo umtake keshia aandike alichohesabu kabla haujamwonyesha kilichotarajiwa, maana anayeonyeshwa jibu kwanza hataweza kuhesabu kwa macho huru. Malipo ya simu yasiwe na kitufe kimoja: M-Pesa kiwe chake, Airtel Money kiwe chake, na kadi kiwe chake, vinginevyo siku muamala mmoja ukikwama hamtajua muutafute wapi. Na kama Lipa Namba yenu ina makato, mauzo yaandikwe kwa kiasi kamili alicholipa mgeni, kisha makato yaandikwe kama gharama. Kinyume chake, binti wa watu ataonekana ana shoti kila siku kwa fedha ambayo hakuigusa.

Kishikwambi cha baraza kiandikisheni kama rejista ya pili yenye jina lake, kikitumia stoo ileile ya kaunta. Ningeshauri kisipokee fedha taslimu kabisa. Mgeni wa barazani alipe kwa simu au kadi, na mwenye taslimu mhudumu amlete kaunta. Kabla ya kukitumia, zimeni intaneti kwa makusudi na mpige mauzo machache, muone kama yanahifadhiwa na kupanda mtandao ukirudi. Msisubiri umeme ukatike Jumamosi usiku ndipo mjue.

Msimamizi wa Chumba, Ilemela

Shikamoo Mzee, na ahsanteni sana nyote. Nimekaa kimya wiki mbili nikifanyia kazi maneno yenu kabla ya kurudi.

Jioni ileile nilichapa hesabu ya Fundi pamoja na maelezo ya Mhasibu, nikampelekea tajiri, nikaiweka rejista mezani ili aione 0.06 kwa macho yake. Aliisoma mara mbili, akauliza swali moja tu, kuhusu zile chupa 2.7. Nikamwita binti aeleze. Akasema kwamba kila asubuhi huonja mabaki ya jana kabla ya kumhudumia mgeni, na yaliyoharibika huyamwaga, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Makato yamefutwa, na tajiri alimwomba radhi mbele yangu. Nami nimemwomba radhi peke yangu, kwa kuwa nilikuwa na rejista mbele yangu muda wote nikaruhusu ifike hatua ya machozi.

Tumebadili stoo kuwa mililita, tukakubaliana na mililita 50. Nimefuata ushauri wa Mzee wa kuchora alama kwenye glasi, na mafunzo ya siku mbili za kwanza tuliyafanya kwa maji. Bei zilikuwa tayari na VAT ndani, ila ukadiriaji ulikuwa wa kila mstari, tumeurekebisha. EFD yetu ilikataa mstari wa sifuri, kwa hiyo tunafanya kama Mhasibu alivyosema. Kwenye kufuta nimemfuata Mzee: binti anafuta kwa sababu na kwa jina lake, nami naisoma ripoti kila asubuhi nikiwa na chai.

Mizani ndiyo imenishangaza. Kwa siku 14, tofauti kati ya rejista na mizani ni mililita 610, na kati ya hizo 450 tulikuwa tumezimwaga bila kubonyeza kitufe kipya katika siku mbili za mwanzo, kabla hatujakizoea. Zinabaki 160 ambazo sijui zimekwenda wapi, chini ya robo ya chupa moja.

Kishikwambi cha baraza tulikijaribu jana bila intaneti, na mauzo manne yalipanda yote mtandao uliporudi. Kinaanza kazi Jumamosi, bila taslimu, na binti ndiye atakayekifungua kwa namba yake ya siri.